Jicho la Kushoto

Julai. Juu ya paa la ghala lililokuwa la sufu,
wanachama sita wa Klabu ya Anga ya Tacuarembó
wanapiga miguu chini kama farasi wanaongoja tandiko.
Elbio amepandisha darubini, bomba la kadibodi
lililopakwa masalio ya rangi ya mlango wake.
Yamandú amebeba betri. Otilia, mweka hazina,
amebeba daftari, maana leo ni tarehe tano,
na ada ya mwezi
hailipwi na mwezi.

Nibia anafika wa saba. Ngazi amezihesabu: thelathini na mbili.
Kibuyu cha yerba kinazunguka,
mrija mmoja wa chuma, midomo yote.

Ramani zao zimetoka kaskazini,
mwezi wa huko kichwa chini, miguu juu.
Lakini darubini nayo hupindua,
basi kosa na kosa vinapatana.

Nusu mwezi. Ndio usiku wa wapiga picha.
Mwezi mpevu ni sahani tu,
jua linaupiga usoni, hauna hata kunyanzi.
Leo linaupiga ubavuni,
na pale nuru inapokatika
kila shimo limejaa wino hadi ukingoni.
Kilele kimoja kimetangulia kuamka:
nukta ya mwanga ng'ambo ya kivuli, peke yake,
kama dirisha la mwoka mikate saa kumi alfajiri.

"Hewa inachemka," Elbio analalamika.
Ukingo wa mwezi unatetemeka kama shuka kambani.
Usipumue karibu na kioo. Usiegemee meza.
Na moyo wako, Yamandú, uambie upige taratibu.
Kamera inameza picha mia tisa
ili zipatikane arobaini zisizoyumba,
zilazwe moja juu ya mwenzake
mpaka mwezi utulie.

Zamu ya Nibia.
Anaweka jicho la kulia, lile lililopasuliwa Machi.
"Mweupe," anasema. "Mweupe wa maziwa yaliyoenguliwa."
Anahamia la kushoto.
"Na huu wa njano. Pembe za kinanda cha mama."
Kulia tena. Kushoto tena.
Foleni nyuma yake inakohoa.

Kisha, bila kuinua uso:
"Jumanne wananitoa mtoto wa jicho wa pili."

Pole? Hongera?
Kibuyu kimesimama mkononi mwa mtu.

"Miaka ishirini nimeuona hivi, nikidhani ndio wenyewe.
Nimezalisha ng'ombe wa watu chini ya huu wa njano,
mikono ndani hadi mabegani.
Nipigieni picha yake
kabla haujazama."

Elbio, ambaye amegombana na nusu ya klabu
kwa sababu ya rangi (mwezi ni kijivu,
mwezi ni mawe, sisi hatuchapi kadi za harusi!),
anavua glavu kwa meno, anafungua kompyuta.

"Zaidi," anasema Nibia. "Zaidi.
Hapo umetia siagi, rudi.
Si dhahabu, Elbio, dhahabu ni ya wachumba.
Sasa fifisha makali. Ukingo uote manyoya."

Saa tatu amegandishwa na baridi akitafuta makali hayo.
Picha arobaini kati ya mia tisa.
Anayafuta kwa kidole kimoja, moja moja,
kama mtu anayefuta jina lake ubaoni:
kilele kinakwenda, wino unavuja,
dirisha la mwoka mikate linazimika.

Nibia anafumba la kulia,
anaangalia kioo cha kompyuta, anaangalia juu.
"Hapo. Usiguse."

Otilia anaandika kwa tochi nyekundu,
kwa mwandiko ule ule wa risiti:
*Chombo: jicho la kushoto la N. Fagúndez.
Hali ya anga: njano.
Ada: amelipa.*

Akishuka, Nibia alihesabu ngazi thelathini na moja,
akasimama gizani,
akaitafuta iliyobaki kwa ncha ya kiatu.